Futi Iliyobaki Shingoni

Mlango ulipogongwa, Penseli alikuwa mbele ya kioo, ameyavuta mashavu yake kwa vidole, amebinua midomo na kukodoa macho, akijaribu kuwa bibi wa miaka sabini. Usimcheke. Ndiyo kazi yenyewe. Mchoraji wa vitabu vya watoto hawezi kuuchora uso mpaka kwanza auvae, na kioo kile kidogo kilichotundikwa kando ya meza kilikuwa kimeona vituko ambavyo, laiti kingekuwa na mdomo, kingeuaibisha mtaa mzima.

"Nakuja!" aliitikia, akayaachia mashavu na kuchomeka penseli yake kwenye nywele.

Jina lake alilipatia hapo hapo kwenye nywele. Mwaka uliopita alikwenda kwa fundi wa miwani, miwani yake imevunjika mkononi, akawa anajipapasa mifuko na kukung'uta mkoba akitafuta penseli aandike namba yake ya simu. Fundi, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliinama juu ya kaunta, akaichomoa penseli kwenye nywele zake taratibu, akamkabidhi. "Hii hapa, Penseli," alimwambia. Naye akamjibu, "Asante, Miwani." Macho yao yakakutana, yakagoma kuachana. Kazi ile ya nusu saa ilichukua siku tisa, maana kila alipoifuata aliambiwa arudi kesho, na yeye hakulalamika hata siku moja.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Leo ilikuwa wiki ya tatu hawasemezani.

Alifungua mlango akidhani ni jirani amekuja kuazima pasi. Hakuwa jirani. Alikuwa mama yake Miwani, amevaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa kila pembe, kwapani amebana kitu kipana kilichoviringwa kitambaa, na shingoni, kama kawaida yake, imening'inia futi ya kupimia ya manjano.

Penseli akaingiwa na baridi mpaka magotini.

Ili uielewe baridi hiyo, lazima uijue futi ile. Mama huyu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwanawe akileta mchumba, yeye humtazama, na akimpenda huivua futi shingoni na kumpima mabega palepale sebuleni, kwa ajili ya gauni la harusi. Wake wawili wa kaka zake Miwani walipimwa kabla hata chai haijapoa. Kwa hiyo Jumapili ile, wiki tatu zilizopita, Penseli alipokaribishwa kwa mara ya kwanza, nyumba nzima ilikuwa inaitazama futi. Futi haikutoka shingoni.

Na alikuwa amejiandaa vilivyo! Alikwenda na zawadi aliyoichora kwa mkono wake: mama mwenyewe amekaa kwenye cherehani, kwenye fremu nzuri ya mbao. Picha hiyo ndiyo ingekuwa jalada la kitabu alichokuwa anakichora, hadithi ya bibi mmoja mshonaji, na sura ya bibi huyo aliiazima kwa mama mkwe mtarajiwa kutoka kwenye picha alizopewa na Miwani. Mama aliipokea, akaitazama kwa muda mrefu, akasema "Asante," kisha akaiegemeza sakafuni, uso umegeukia ukuta. Wakati wa kuagana akauliza mbele ya watu wote, "Binti, kuchora tumekuona. Kazi unafanya lini?" Penseli alimgeukia Miwani amtetee. Miwani alikuwa anatazama viatu vyake.

Njiani waligombana. "Siku utakapoupata ulimi wako," Penseli alimwambia, "usiniletee mimi. Mpelekee mama yako." Tangu hapo meseji zilikuja asubuhi na jioni, nimekosa, nisamehe, umekula? Hakujibu hata moja, ingawa zote alizisoma mara tatu tatu.

Sasa huyo mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe niweke mzigo, mkono umechoka."

Aliingia, akaweka kile kitu juu ya kiti, akaanza kukikagua chumba kwa yale macho yanayoona uzi uliolegea kutoka upande wa pili wa barabara. Aliona kamba iliyotandwa toka dirishani hadi kabatini, michoro imebanwa kwa vibanio vya nguo. Aliona kikombe cha chai na kikombe cha maji ya kuoshea brashi, vimekaa jirani kiasi cha kutatanisha. Aliona kompyuta yenye kioo cha kuchorea, na juu ya kioo hicho, yeye mwenyewe, amekaa kwenye cherehani, anatabasamu.

"Kumbe hapa ndipo ofisini?"

"Ndipo, mama. Karibu ukae."

"Bosi yuko wapi?"

"Sina bosi. Kazi naletewa na watu mbalimbali, mwenye kitabu chake, mwenye gazeti lake. Nachora hapa hapa."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili nishakaa mezani."

"Mpaka?"

"Mpaka mkono ugome."

Mama akautazama ule mkono. Kwenye kidole cha kati, pale penseli inapoegemea, palikuwa na sugu nene, imekolea wino ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda.

Simu ikatetemeka mezani. Penseli aliitupia jicho. Ilikuwa ni meseji ya mhariri wake, mwanamke mpole lakini mgumu, na hii ilikuwa mara ya tatu kulirudisha jalada lile lile. *Nzuri, lakini kuna kitu kinanikera na mpaka sasa sijui ni nini. Bibi huyu anajifanya. Leo saa kumi ndiyo mwisho, mitambo haisubiri. Likishindikana tutaweka la mchoraji mwingine.*

Bibi anajifanya! Wiki tatu Penseli alikuwa amembadilishia bibi huyo macho, nywele, rangi ya kitambaa, hata tabasamu. Alikuwa amejaribu kila kitu anachokijua. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

"Una shughuli," mama alisema.

"Ninayo, lakini..."

"Sitakaa sana. Nimekuja kukwambia jambo usoni, kwa sababu mimi si mtu wa kusema pembeni." Alivuta pumzi. "Jana mwanangu alinipandishia sauti."

Penseli akaisukuma simu pembeni.

"Tangu nimemzaa hajawahi. Yule mtoto ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Jana akasimama katikati ya sebule, akaniambia, 'Mama, ulimdhalilisha mbele ya watu, na mimi nikakaa kimya, na kimya kile kinaniua. Anafanya kazi kuliko mimi. Usipompima yeye, hiyo futi haitampima mwingine kwa ajili yangu.' Akatoka, akabamiza mlango. Dakika mbili akarudi kuuliza kama mlango umevunjika."

Kicheko kilimponyoka Penseli kabla hajakizuia, na nyuma ya kicheko yakaja machozi. Kwa hiyo aliupata ulimi wake. Aliupata, na akaupeleka kule kule alikoambiwa aupeleke. Akageuza uso dirishani ili mama asimwone, na mama akamwona vizuri kabisa.

"Usilie bado, sijamaliza," mama alisema. "Nikalala na maneno yake. Asubuhi nikasema, nitakwenda nimwambie binti wa watu kwa nini sikumpima. Akiwa na jibu, sawa. Akiwa hana, tuachane kwa amani, na mwanangu atapona tu, hata kama itachukua muda."

Akakifungua kile kitambaa. Ndani yake ilikuwa fremu ya mbao. Zawadi ya Jumapili.

"Nimekurudishia."

Maneno hayo yalimwingia Penseli kama sindano. "Mama, kama niliichora vibaya..."

"Hukuichora vibaya. Ni nzuri mno, ndicho kilichoniudhi. Pua yangu, kucha zangu, hata kastabini yangu ya kidoleni, yenye bonde. Nikasema, huyu binti ana macho. Halafu nikaona." Kidole chake kikatua juu ya picha. "Hii ni nini?"

"Cherehani, mama."

"Na hili?"

"Gurudumu lake la kuzungushia."

"Niko upande gani mimi?"

"Umekaa nyuma ya mashine, unatutazama."

"Basi nyoosha mkono wako wa kulia, ujifanye wewe ndiye mimi. Gurudumu unalikuta wapi?"

Penseli akanyoosha mkono wa kulia hewani, akaitazama picha, akaunyoosha tena. Mkono wa kulia ulikuta hewa tupu. Gurudumu lilikuwa kushoto.

Akaisogeza fremu karibu na macho.

"Sijawahi kuiona cherehani yenye gurudumu kushoto," mama alisema taratibu, "na nimefungua nyingi kuliko milango. Miaka arobaini, binti, gurudumu lile nimelizungusha kwa mkono huu. Huu wa kulia. Ndio uliosomesha watoto watatu. Bega hili mvua ikinyesha linauma, lile la pili haliumi. Halafu unaniletea mwanamke mwenye uso wangu anayeshona kwa kushoto kwenye mashine isiyokuwepo duniani. Nikajiuliza, huyu ananicheka? Au alinitazama uso tu, kazi yangu akaiona haina haja ya kutazamwa? Ndiyo maana na mimi nikakuuliza ya kwako. Nilikukomesha. Haikuwa vizuri, lakini nilikukomesha."

Penseli alikuwa hamsikii vizuri. Alikuwa ameshika kichwa. "Haiwezekani," alinong'ona. "Mimi najua liko kulia. Najua!"

"Utaachaje kujua?" Mama akainama, akapiga meza kwa kiganja. "Meza hii uliipata wapi?"

"Niliinunua kuukuu. Mashine yake ilishatolewa. Ina pedeli chini, nikiwaza naichezesha kwa mguu."

"Hii ni meza ya cherehani. Tazama chini. Gurudumu kubwa la mkanda liko upande gani?"

Penseli akachungulia. Lile gurudumu la chuma lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, linagusana na goti lake la kulia, asubuhi hadi jioni, mwaka wa nne huu. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Goti limejua miaka yote hiyo, kichwa ndicho kimekosa!

Halafu akakumbuka.

Lilimjia lote kwa mara moja, naye akaruka kwenye kiti. "Mama! Nisubiri! Usitoke!"

"Naenda wapi, nimekaa."

Alivuta droo, akatoa daftari nene lenye jalada lililochanika, akaliweka mapajani mwa mama. "Tafadhali fungua. Popote."

Mama akafungua. Ukurasa mzima ulikuwa mikono yake. Mkono wa kulia juu ya gurudumu. Mkono wa kulia, vidole vimekunjwa. Mkono wa kulia umechoka, umelegea kwenye ukingo wa mashine. Akafunua mwingine: kiwiko, bega la kulia lililoshuka kidogo kuliko la kushoto. Mwingine: mguu kwenye pedeli, ndara imechakaa kisigino. Kila ukurasa, gurudumu kulia. Alifunua kurasa zote arobaini na moja.

"Hii yote ni mimi?"

"Yote. Miezi mitatu. Nilimsumbua Miwani kwa picha mpaka akachoka. Nilitaka nikuelewe kabla ya kukuchora."

"Sasa huku uliniona, kule ukanipotezea wapi?"

Penseli alikaa sakafuni karibu na magoti yake. "Mama, sisi wachoraji tuna ujanja wetu. Ukiitazama picha yako kutwa nzima, jicho linaizoea, halioni kosa tena. Kwa hiyo tunaigeuza kama inavyogeuka kwenye kioo, kulia kuwa kushoto. Inakuwa ngeni, na kosa linajitokeza lenyewe. Ukishaona, unairudisha kama ilivyokuwa. Kila mchoraji anafanya."

"Kama mimi ninavyogeuza gauni ndani nje nikague mishono."

"Vile vile! Sasa siku ile nilikuwa nimeigeuza. Mkono uko kwenye kitufe niirudishe, simu ikalia. Ilikuwa Miwani." "Akaniambia, 'Mama amesema uje Jumapili.' Mama, nilicheza humu ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilirudi mezani natabasamu peke yangu, nikaendelea kuchora. Nikatia rangi, nikatia kivuli, nikaimaliza, nikaitia fremu. Sikuwahi kuirudisha. Nilifurahi kupita kiasi, basi."

Mama alimtazama binti aliyekaa sakafuni, penseli imechomoza kwenye nywele, rangi ya kijani kwenye shavu. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Unataka kuniambia," alisema, "kosa hili limetokana na mwaliko wangu mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nionyeshe hicho kitufe."

Penseli akamkalisha mbele ya kioo cha kuchorea, akamkabidhi kalamu yake maalumu. "Gusa hapa, mama."

Mama akagusa. Picha ikageuka mara moja. Gurudumu likaruka kulia, mkono wa kulia ukatua juu yake, bega la kulia likashuka kama linavyoshuka. Bibi wa kwenye picha, aliyekuwa anajifanya wiki tatu nzima, akaanza kushona.

"Ehee!" Mama alipiga kelele ya furaha, kisha akajiziba mdomo kwa aibu ya kupiga kelele. "Huyo sasa ndiye mimi!" Akasogeza uso karibu. "Lakini ngoja. Kidoa changu cha shavuni kimehamia upande wa pili."

"Kidoa nilikitia baada ya kuigeuza. Sasa nacho kimegeuka, kimekaa kombo. Na kitambaa pia, na kivuli cha pua." Penseli aliitazama saa. Saa tano kasoro. Akaitazama sura ya mama iliyokuwa pale pale, hai, nusu hatua kutoka mkononi mwake, akapiga moyo konde. "Mama, naomba kitu kikubwa. Kaa kwenye hii meza. Weka mguu kwenye pedeli. Shona."

"Nishone nini? Mashine haipo!"

"Jifanye ipo. Wewe mwili wako unajua."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza. Akavua viatu, akavuta kiti, akachukua kile kitambaa kilichokuwa kimeifunga fremu na kukitandaza mbele yake. Mguu ukakanyaga pedeli. Lile gurudumu la chini, ambalo kwa miaka minne lilikuwa linachezeshwa tu na mtu mwenye mawazo, likashika mwendo, likaanza kuvuma. Mabega ya mama yakashuka mahali pake. Kichwa kikainama, na mkono wa kulia ukazungusha gurudumu ambalo halikuwepo, kwa uhakika kiasi kwamba Penseli karibu aliona sindano.

Na yeye akachora.

Umewahi kumwona mtu anayeijua kazi yake akiifanya? Penseli hakuwa na wasiwasi tena. Hakupima, hakufuta, hakujiuliza. Kalamu ilikuwa inateleza na mkono ulikuwa unaipenda. Alihamisha kidoa, akashusha kope, akakikunja kitambaa pale kinapokunjika kweli, chini ya kidole gumba. Mara moja moja mama aliinua macho kumtazama, akamkuta amebinua midomo bila kujijua, anauvaa uso wake, naye akayashusha haraka asimkatize. Walifanya kazi hivyo, wanawake wawili kwenye meza moja, saa tatu nzima, na zaidi.

"Unajua," mama alisema katikati ya mvumo, "na mimi niliambiwa hivyo hivyo."

"Uliambiwa nini, mama?"

"Mama mkwe wangu. 'Mwanamke anashinda nyumbani na mashine, hiyo ni kazi?' Nikalia jikoni. Nikaapa kwamba mimi sitamwambia mtu neno lile maisha yangu yote." Mguu ukapunguza mwendo. "Nimekuja kulisema nikiwa na mvi. Nisamehe, mwanangu."

Ni lile neno la mwisho lililomvunja Penseli. Aliweka kalamu chini, akafuta macho kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na rangi. "Nimeshasamehe, mama. Ila usisogeze kichwa."

"Sawa, bosi," mama alijibu, akatulia kabisa.

Saa nane na nusu alituma. Walikaa wakitazama simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ikaita. Penseli akaiweka kwenye spika ili na mama asikie.

"Umefanya nini?" sauti ya mhariri ilijaa chumba. "Nimewaita wote ofisini waje waone. Huyu sasa anashona! Usiguse kitu tena, hata nukta, umenisikia? Linakwenda mitamboni hivi sasa. Na mwenye kampuni anauliza, vile vitabu vingine vitano vya mfululizo huu, utavichukua vyote?"

Penseli alifungua mdomo ajibu. Mama akamsukuma kwa kiwiko, akainama juu ya simu. "Atavichukua," alisema. "Mimi ndiye bibi wa kwenye picha. Ana nafasi."

Walipokata simu walikumbatiana, wakarukaruka, yule mwenye mvi juu zaidi, mpaka jirani akagonga ukuta. Safari hii Penseli naye akaugonga.

"Haya," mama alisema akitafuta pumzi. "Sasa nimkumbuke na yule mwingine." Akaenda dirishani, akalifungua, akatoa kichwa nje. "Wewe! Panda juu!"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Nani alinibebea ile fremu mpaka mlangoni pa chini? Nilimwambia akae kwenye ngazi za chini, asinyanyuke mpaka nimwite. Tangu saa nne."

Na sasa saa nane na nusu imeshapita! Alikuwa chini ya dirisha lake muda wote aliokuwa anachora, hatua thelathini za ngazi. Alisikia miguu inapanda, inaruka ngazi mbili mbili, na kabla hajapata nafasi ya kufuta ile rangi ya kijani shavuni, Miwani alikuwa amesimama mlangoni. Amekonda. Shati limekunjamana mgongoni kwa kuegemea ukuta. Alimtazama Penseli, akaacha kumtazama, akashindwa, akamtazama tena.

"Umekula?" aliuliza.

Wiki tatu za hasira zikayeyuka kwa neno hilo moja la kipumbavu. "Sijala," alijibu, huku anacheka na analia. "Na wewe?"

"Sijala tangu Jumapili ile." Akapiga hatua moja ndani. "Penseli, siku ile nilipaswa kusema. Mama yuko hapa, nasema tena mbele yake..."

"Nimeambiwa yote. Hata habari ya mlango."

Aliona haya mpaka shingoni. "Na hiyo picha," alisema akigeukia kioo cha kompyuta ili apate pa kuficha uso, "mbona leo imekaa tofauti? Ilikuwa na kasoro?"

Mama na Penseli wakatazamana.

"Mwanangu," mama alisema, "unapima macho ya watu kutwa, umekulia chini ya cherehani yangu, na gurudumu lililohamia kushoto hukuliona?"

Miwani aliitazama ile fremu, akakitazama kioo, akarudi kwenye fremu. "Mimi," alisema kwa unyonge, "nilikuwa namtazama aliyeileta."

Penseli ndiye aliyemfuata, akausogelea ule mkono mrefu uliowahi kuchomoa penseli kwenye nywele zake, akaushika, na rangi yote ya kijani ikamhamia Miwani viganjani. Hakuna aliyejali. Walisimama hivyo, macho yamekutana, yamegoma kuachana kama siku ile ya kwanza dukani.

"Mwachie kidogo," sauti ya mama ilisikika nyuma yao.

Penseli alishtuka, akaachia.

"Geuka huku. Simama wima."

"Mama?"

"Simama wima nimesema, mabega yako yamepinda kwa kuinamia hiyo meza. Mikono chini."

Shingo ya mama ilikuwa tupu. Futi ya manjano ilikuwa mikononi mwake, inanyooka, na ncha yake baridi ya chuma ikatua kwenye bega la kushoto la Penseli, ikatembea taratibu mgongoni hadi la kulia. Miwani alijishika ukutani.

"Wewe umenichora kurasa arobaini na moja," mama alisema. "Sasa ni zamu yangu." Akaichomoa penseli kwenye nywele za mkwewe, akailowesha kidogo kwa ulimi, akafungua lile daftari kwenye ukurasa mtupu, na kuandika namba ya kwanza.